Kuvuka Golden Gate na gari: maswali ambayo watu wa Mombasa huniuliza kila siku

Tangu nirudi kutoka kwa kakangu huko California simu yangu haipumziki. Binamu yangu wa Kisauni ana safari mwezi ujao, shemeji wa Bamburi mwanawe kapata chuo huko, jirani hapa Likoni yeye ataka kujua tu, na wote swali ni lile lile, lile daraja jekundu la San Francisco, Golden Gate, lavukwaje, ushuru walipwa wapi, gari ya kukodi inakuaje. Nimechoka kurekodi voisi moja moja so nimeandika yote pahali pamoja. Mie ni mtu wa Likoni, feri nimeipanda tangu nabebwa mgongoni, na nimeendesha teksi hapa kisiwani miaka kumi na moja, kwa hivo naeleza vile dereva wa kwetu ataelewa.

Kama una haraka soma yale ya ushuru na gari ya kukodi basi, hapo ndo watu wetu wanaumia.

Kwanza hilo daraja liko wapi, na ni daraja la aina gani?

Liko pale bahari ya Pasifiki inapoingia ndani kwenye ghuba ya San Francisco. Fikiria mlango wa Kilindini, meli zinapoingia, huku kisiwa huku Likoni, ila mlango wao ni mpana zaidi, kama kilomita moja na nusu hivi na maji ni marefu, kuna pahali yapita mita 100 kwenda chini. Kusini ni mji wa San Francisco, kaskazini ni kaunti ya Marin yenye vilima na mji mdogo wa Sausalito.

Ni daraja la kuning'inia. Yaani barabara haikukalia nguzo nyingi kama Nyali au Kilifi, kuna minara miwili tu, kila mmoja mita 227 kutoka majini, na juu ya minara zimepita kebo mbili nene kabisa, unene wake karibu mita moja, na barabara imeshikwa na nyaya zinazoshuka kutoka kwa hizo kebo. Ndani ya kila kebo kuna nyaya ndogo 27,572 zimebanwa pamoja. Kati ya mnara na mnara ni mita 1,280 bila nguzo yoyote, na daraja zima ni kama kilomita 2.7. Lilipofunguliwa 1937 lilikua ndo refu kuliko yote duniani ya aina hiyo, na halikupitwa mpaka 1964 New York walipojenga la kwao la Verrazzano.

Watu wengine wanalichanganya na Bay Bridge, ile inayoenda Oakland. Ni madaraja mawili tofauti, ushuru wake tofauti, angalia ramani yako vizuri usijikute Oakland ilhali ulikua waenda Sausalito.

Kwani ni la dhahabu?

La. Golden Gate ni jina la mlango wa bahari wenyewe, alilipa afisa mmoja wa jeshi akiitwa John C. Frémont mwaka 1846, kabla hata dhahabu haijagunduliwa California. Daraja likachukua jina la maji. Kama vile feri yetu inaitwa ya Likoni, basi.

Ushuru ni pesa ngapi?

Hapa soma polepole. Walipa upande mmoja tu, ukiwa waingia San Francisco kutoka kaskazini. Ukitoka mjini kwenda Sausalito ni bure kabisa. Zamani walikua wanatoza pande zote mbili, wakabadilisha Oktoba 1968, maana waliona watu wengi wanaoenda lazima warudi, kwa nini uwasimamishe mara mbili.

Kuanzia Julai 2025 gari ndogo yenye kile kifaa chao cha kulipia ushuru, chaitwa FasTrak, yalipa dola 9.75. Anaelipa kwa akaunti ya namba ya gari, au analipa mara moja mwenyewe mtandaoni, dola 10. Anaengoja atumiwe bili nyumbani, dola 10.75. Na mpango wao ni kuongeza nusu dola kila Julai mpaka 2028, kwa hivo ukisoma hii baadae ujue imepanda kidogo, hakikisha kabla hujasafiri. Kwa pesa yetu, dola ikiwa kama shilingi 129, hiyo 9.75 ni karibu shilingi 1,260 kuvuka mara moja. Ni pesa nyingi, sijifichi, nilipopiga hesabu mara ya kwanza nilishtuka. 1937 ilikua senti 50 kila upande, na kama gari imebeba abiria zaidi ya watatu waongezwa senti tano.

Nalipa kwa nani? Kuna mtu dirishani?

Hakuna. Hakuna mtu, hakuna kizuizi, hakuna kutoa noti dirishani. Tangu Machi 2013 waliondoa keshi yote, kamera inapiga picha namba ya gari yako au inasoma kifaa kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, na wewe unaendelea kwenda. Sie tumezoea kusimama, umshike mtu mkononi, upewe risiti. Ukisimama pale kutafuta mtu utagongwa nyuma, nawaambia ukweli. Punguza mwendo tu pale penye lango, bango lasema maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40, kisha pita.

Sasa mie na gari ya kukodi, nafanyaje?

Hili ndo swali lenyewe na ningependa kila mtu alisome mara mbili.

Gari ya kukodi namba yake ni ya kampuni, so kamera ikipiga picha bili inaenda kwa kampuni, kampuni inalipa, halafu inakukata wewe kwenye kadi yako. Ushuru peke yake si tatizo. Tatizo ni kwamba kampuni nyingi zina mpango wao wa ushuru, na ukivuka mara moja tu unaingizwa kwenye huo mpango na unatozwa ada ya kila siku, wengine wanatoza siku zote ulizokua na gari hata zile siku ulizoipaki nyumbani ukilala. Mie yalinikuta. Nilivuka mara mbili tu ndani ya siku tisa, nikarudi Mombasa, baada ya wiki tatu naona kadi imekatwa pesa ambayo ingenivusha karibu mara saba. Nilipiga simu, wakanisomea karatasi niliyosaini, na ni kweli niliisaini, nilikua nimetoka kwenye ndege masaa mengi macho yote mekundu na sikuisoma.

Kwa hivo kabla hujapewa ufunguo, uliza hivi hivi: nikivuka daraja la ushuru nani analipa, na ada yenu ni ya siku niliyovuka au ya siku zote? Ukiwa una wasiwasi na Kiingereza mwambie ndugu yako awe kwenye simu. Kisha chagua njia yako.

Ya kwanza, kama una ndugu huko mwenye akaunti ya FasTrak, aongeze namba ya gari yako ya kukodi kwenye akaunti yake kwa zile tarehe tu, na ukirudisha gari aiondoe siku hiyo hiyo. Hii ya kuiondoa msisahau, maana gari itakodiwa na mtu mwingine na ndugu yako atakua anamlipia mtu asiyemjua. Kakangu alinifanyia hivi mara ya pili na ilikua rahisi sana.

Ya pili, kama huna ndugu, ulipe mwenyewe mara moja kwenye tovuti ya FasTrak ya Bay Area. Unaandika namba ya gari, tarehe, unalipa na kadi. Unaweza kulipa kabla, mpaka siku 30 mbele, au baada ya kuvuka lakini isipite masaa 48. Piga picha ile namba ya gari na simu ukiwa bado kwenye yadi, na uangalie ni ya jimbo gani maana gari zingine zina namba ya jimbo lingine na kwenye fomu lazima uchague. Halafu uhifadhi ile risiti, kampuni ikikukata tena una ushahidi. Uliza pia kama kifaa chao kiko ndani ya gari kwenye kioo, kama kiko kwenye kiboksi hakikisha kiboksi kimefungwa, ama sivyo kitasomwa na utalipa mara mbili.

Ya tatu ni kukubali mpango wa kampuni. Kama wewe unavuka madaraja kila siku pengine itakufaa. Kwa mtu anaevuka mara moja kupiga picha, usikubali.

Nikipita bila kulipa kabisa? Si naondoka nchini mwao?

Usifanye hivo ndugu yangu. Kama gari ni ya mwenyeji wako bili inaenda nyumbani kwake, na ikipita siku bila kulipwa inageuka kosa na faini juu, umemwachia mwenyeji deni. Mgeni mwema haachi deni nyumba aliyolala.

Nimesikia deni la kujenga lilishalipwa kitambo. Mbona bado wanatoza?

Ni kweli. Walikopa kwa hati za dhamana za dola milioni 35, na lile deni lilimalizika 1971. Watu wa huko pia waliuliza swali hili hili, tena kwa ukali.

Jibu lake mie nililipenda. Daraja linaendeshwa na taasisi yake yenyewe, na hiyo taasisi haina kodi inayokusanya, ushuru ndo mshahara wake. Ile chuma iko kwenye hewa ya chumvi usiku na mchana, sie wa pwani twaijua chumvi inavyokula mabati, kwa hivo matengenezo hayaishi. Lakini si hilo tu. Hapo 1970 gari zilikua zimezidi, daraja limejaa, wakafikiria wafanyeje, waongeze daraja la pili? Wakaamua waanzishe feri na mabasi. Feri ya Sausalito ikaanza Agosti 1970, mabasi yakafuata 1972, na mpaka leo pesa ya ushuru wa daraja inasaidia kuendesha hiyo feri na hayo mabasi.

Sasa fikirieni hapo. Kabla ya daraja, watu wa Marin na Sausalito walikua wanavuka na feri, gari na watu, wakikaa foleni masaa wikendi, khasa kama sisi. Daraja likaja feri zikafa. Halafu miaka thelathini baadae daraja lenyewe ndo likalipia feri irudi. Mie niliipanda ile feri jioni kutoka Sausalito na nikakaa juu kwenye benchi nikafikiria sana kuhusu kwetu, maana hapa kila tukizungumzia daraja la Likoni watu wanasema feri itupwe, na pale wenzetu wamekaa na vyote viwili na kimoja kinamlisha mwenzake. Naamini hata sisi tukipata daraja siku moja, feri ya waenda kwa miguu ibaki na ibaki bure kama ilivyo. Mama wa Mtongwe anaeuza mboga Kongowea hana gari ya kupanda nayo daraja la kwenda juu mita sabini.

Leseni ya Kenya inakubalika?

Ndio, California mgeni anaruhusiwa kuendesha na leseni halali ya kwao, na yetu imeandikwa Kiingereza so polisi anaisoma bila shida. Kampuni zingine za kukodi zitataka na ile leseni ya kimataifa, uliza mapema. Na ukiwa chini ya miaka 25 wanaongeza pesa. Mtoto chini ya miaka minane lazima akae nyuma kwenye kiti chake cha watoto, hawana mchezo na hilo, hakuna kumpakata.

Kuendesha kulia si hatari?

Siku mbili za kwanza akili inachoka, baadae unazoea. Steringi iko kushoto, na kosa la mtu wa kwetu ni kuegemea sana kulia maana ulizoea mwili wa gari uko kushoto kwako. Juu ya daraja hili kosa ni baya kwa sababu leni ni nyembamba, kama mita tatu hivi, na pembeni ni chuma. Ushauri wangu, usifanye Golden Gate iwe barabara yako ya kwanza. Zunguka mtaani asubuhi ya Jumapili, jifunze kona ya kushoto na ya kulia, zoea spidi ya maili, ndo uende.

Leni ngapi, spidi ngapi?

Leni sita jumla, kama daraja letu la Nyali. Spidi mwisho maili 45, yaani kilomita 72 kwa saa. Wengi hawaifuati, wewe fuata, kaa leni ya kulia.

Kilichonishangaza ni ukuta wa katikati. Unahama! Kuna gari maalum inapita taratibu, inaunyanyua ule ukuta vipande vipande upande huu na kuuweka upande ule kama zipu ya koti, so asubuhi watu wanaoingia mjini wanapewa leni nne na wanaotoka mbili, jioni inageuzwa. Uliwekwa Januari 2015, na wakati wa kuuweka walifunga daraja wikendi ile. Kabla ya hapo walikua wanapanga vijiti vya plastiki kwa mkono, na gari ikipoteza njia inaenda uso kwa uso na za mbele. Nilipouona mara moja nikafikiria Nyali saa kumi na mbili jioni, upande wa kutoka kisiwani umekwama mpaka Buxton na upande wa kuingia kweupe.

Naogopa urefu na upepo. Linayumba?

Linayumba, na ndo salama yake. Likikaza lingevunjika. Katikati limeachwa liweze kusogea upande zaidi ya mita nane upepo ukiwa mkali kupita kiasi, na joto likizidi kebo zinarefuka daraja linashuka kidogo, baridi ikija linapanda. Wewe ndani ya gari siku ya kawaida huhisi chochote, mie sikuhisi. Barabara iko juu sana kutoka majini, kama mita 67, meli kubwa zipite chini, lakini ukiwa kwenye leni za ndani hata maji huyaoni vizuri, waona anga na minara. Mwenye kuogopa akae leni ya ndani na aangalie gari ya mbele.

Desemba 1951 upepo ulikua mkali mpaka wakalifunga masaa kadhaa, na baada ya hapo wakaongeza vyuma vya kuimarisha chini, kazi ikaisha 1954. Walikua na sababu ya kuogopa, maana 1940 daraja la Tacoma, kule jimbo la Washington, lilipigwa na upepo likajinyonga kama kitambaa likaanguka, na mhandisi Leon Moisseiff alihusika kwenye madaraja yote mawili. Wakalifunga tena kwa upepo 1982 na 1983. Basi, katika miaka yote hiyo.

Ukisikia linapiga mluzi usishtuke. 2020 walibadilisha vyuma vya pembeni upande wa magharibi viwe vyembamba upepo upite, na upepo ukija kwa pembe fulani vinalia, sauti ndefu kama mtu anapuliza chupa, mpaka mitaa ya mbali wanasikia.

Na tetemeko la ardhi?

1989 lilipiga tetemeko kubwa huko, kipande cha Bay Bridge kikaanguka, Golden Gate halikuumia. Hata hivo wakaanza kuliimarisha 1997 na kazi imeendelea miaka na miaka.

Niende mwezi gani nilione vizuri?

Usifanye kama mie. Nilienda Julai nikidhani ni kiangazi, nimevaa shati la mikono mifupi, nikakuta ukungu mzito na baridi ya kutetemesha meno. Hewa ya joto ya bara inavuta hewa baridi ya bahari kupitia ule mlango, ndo ukungu unaingia pale pale daraja lilipo. Niliona ncha mbili za minara juu ya mawingu na kwingine kote nyeupe. Na zile honi za ukungu zinalia, ziko kwenye daraja lenyewe kuongoza meli, mmh, sauti inakuingia kifuani. Ilikua nzuri kwa namna yake lakini kama wataka picha ya kutuma nyumbani nenda Septemba au Oktoba, na ubebe sweta hata hivo. Kwenye ukungu washa taa za chini, sio ful, ful inakurudia machoni.

Naweza kusimama katikati nipige picha kidogo tu?

HAPANA. Hakuna kusimama juu ya daraja, wala kupunguza ili abiria apige. Na wewe dereva kushika simu mkononi ni kosa California yote.

Pa kusimama ni hapa. Ukitoka mjini, kabla tu ya daraja kuna bango la kutoka la mwisho, linakupeleka kituo cha wageni upande wa kusini, kuna maegesho ya kulipia na yanajaa mapema. Ukishavuka, mkono wa kulia mara moja kuna Vista Point, pahali pa kuegesha na kutazama, kaa leni ya kulia tangu katikati ya daraja maana ukipitwa umepitwa. Kutoka hapo huwezi kurudi nyuma moja kwa moja, barabara inakutupa kaskazini, so unatoka tena penye bango la Alexander Avenue, unapita chini ya barabara kuu, ndo unaingia kurudi mjini, na hapo ndo kamera ya ushuru inakungoja. Upande ule wa vilima kuna njia ya kupanda mpaka Battery Spencer, ngome ya zamani ya jeshi, daraja lote linakua miguuni mwako na mji nyuma yake. Kwangu hapo ndo pazuri kuliko pote.

Na tafadhali, usiache begi ndani ya gari sehemu hizo. Vioo vinavunjwa mchana kweupe. Nilikuta vioo vimemwagika chini kwenye maegesho kama mchanga. Pasipoti kaa nayo mwilini.

Watu walikufa wakilijenga?

Kumi na moja. Kazi ilianza Januari 1933, na mhandisi mkuu Joseph Strauss aliweka wavu mkubwa chini ya daraja lote, jambo ambalo halikua la kawaida siku hizo, na kofia ngumu lazima. Wavu uliokoa watu 19, wakajiita klabu ya Nusu Njia ya Jehanamu. Miaka yote hiyo alikufa mtu mmoja tu, halafu Februari 17, 1937, daraja karibu liishe, jukwaa la kazi likakatika likaanguka na kuupasua wavu, wakaenda kumi siku moja. Miezi mitatu baadae, Mei 27, likafunguliwa kwa waenda kwa miguu na kesho yake kwa magari. Sie tuliobaki na msiba wa feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 1994, watu 272, twajua maji hayarudishi. Nilisimama pale nikawaombea.

Kuna mtu mwingine, Charles Ellis, alipiga hesabu nyingi sana za hilo daraja na Strauss akamfukuza kazini, jina lake halikuwekwa kwenye sifa za ufunguzi, ilichukua miongo kabla watu wamtambue. Ukivuka mkumbuke na yeye.

Mbona jekundu?

Rangi inaitwa International Orange, chungwa linaloelekea nyekundu. Jeshi la majini walitaka nyeusi na mistari ya manjano ili meli zilione, wale wa ndege za jeshi wakataka nyekundu na nyeupe. Msanifu Irving Morrow akaona vyuma vilivyoletwa vimepakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ile ya uchungwa, akapenda vile inavyokaa na vilima na maji, akaitetea ikabaki. Yale maneno ya kwamba wanapaka kuanzia mwisho huu mpaka ule kisha wanaanza upya si kweli, wanapaka pale palipoharibika, lakini wapaka rangi wapo kazini mwaka mzima.

Gari ikizima juu ya daraja?

Washa hazadi, kaa ndani, mkanda umefungwa, piga 911. Daraja lina magari yake ya kukokota na kamera, watakufikia. Usishuke kufungua boneti kama tuko Changamwe.

Bila gari je?

Basi la mji, laitwa Muni, namba 28 linakushusha pale kusini, kisha watembea. Kwa miguu ni bure, upande wa mashariki, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili unusu jioni, na majira ya joto mpaka saa tatu usiku. Baiskeli masaa yote. Kurudi chukua feri ya Sausalito, ndo nawaambia kila mtu. Mei 1987, miaka 50 ya daraja, walilifunga kwa magari wakaruhusu watu, wakaja kama laki tatu wakabanana katikati mpaka ule mkunjo wa barabara ukanyooka. Hakuna kilichovunjika.

Ulivyovuka mara ya kwanza ulihisi vipi?

Mwanangu ndo aliuliza hili. Kakangu alinipa steringi akasema we ndo dereva. Ukungu ulikua umepasuka kidogo, mnara wa kwanza ukaja juu yetu, kisha nyaya zikaanza kupita pembeni moja moja. Hapa kwetu ukiwa kwenye feri na meli inaingia Kilindini lazima feri ingoje, watu wote mnanyamaza mnaiangalia ikipita, kubwa kama mtaa, na makontena yake. Katikati ya daraja kakangu akaniambia angalia kulia haraka, nikatupa jicho, chini kabisa kuna meli ya makontena inaingia bandarini, ndogo kama ya kuchezea, na huku juu gari zinaenda tu, hakuna hata moja iliyosimama kuisubiri.